Seramiki, waksi au PPF kwa magari ya Nyanda za Juu Kusini? Na mbona seramiki hazimalizi mwaka huku kwetu?

#1 Mng'aro wa Uyole

Wakuu, habari za majukumu.

Naleta hoja, anayeipinga aje na vipimo. Seramiki (kimiminika cha kukinga rangi ya gari, kikikauka kinakuwa tabaka gumu) inayouzwa kwa ahadi ya miaka 3 hadi 5 haimalizi mwaka ikiwa na nguvu yake kwenye magari yanayolala nje Mbeya mjini, Iringa na Njombe. Maji yanaacha kuviringika, yanalala kwenye boneti utadhani hakijapakwa kitu. Paa na boneti ndivyo vinavyotangulia. Milango inaendelea kukimbiza maji muda mrefu baada ya paa kwisha.

Sababu ninayoiona ni jua. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya UV huongezeka takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Gari lililoegeshwa Kabwe hapa Mbeya siku ya anga safi linapigwa kwa karibu asilimia 17 zaidi ya lililoegeshwa Kariakoo, ila baridi inatufanya tusilihisi. Halafu tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la utosi linatupitia mara mbili: mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. La Februari linakuta mawingu ya mvua. La Oktoba linakuta anga tupu, kiangazi kinaisha, hakuna cha kulipunguza.

Msimamo wangu: gari linalolala nje lipakwe silanti ya polima (kinga kama waksi, ila ya kutengenezwa kiwandani) kila baada ya miezi minne, na hela ya seramiki ipelekwe kwenye PPF (filamu angavu ya kukinga rangi na mawe) ya bampa na boneti kama unapanda mlima Kitonga mara kwa mara. Karibuni.

#2 Fundi Kliya

Mkuu, jua umelibebesha mzigo usio wake. Seramiki ikishakauka inakuwa mtandao wa silikoni na oksijeni, kifungo kinachovumilia UV kuliko nta na kuliko hizo polima za silanti unazozitetea. Kama UV inaua seramiki kwa miezi kumi, hiyo silanti yako itaishi wiki ngapi?

Kinachoua ni maandalizi. Gari linaoshwa, linapigwa kompaundi (polishi kali) yenye mafuta na vijazio, linafutwa kwa kitambaa kikavu, chupa inafunguliwa. Hapo seramiki imeshika mafuta ya polishi, haijashika kliya (tabaka angavu lililo juu ya rangi). Mafuta yakiondoka, nayo inaondoka.

Kazi inavyotakiwa: osha kwa shampuu isiyo na nta. Puliza dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau, iache dakika 3 hadi 5 kivulini, isikaukie juu ya rangi, suuza. Toa lami kwa kiyeyusho chake. Pitisha klei (donge laini la kunasa uchafu ulioshika) kwenye uso uliolowa maji ya shampuu mpaka ukivaa mfuko laini wa nailoni mkononi na kupapasa boneti usisikie chenga yoyote. Piga polishi kwa mashine ya DA (inayozunguka huku ikiyumba). Kisha futa paneli moja moja kwa spiriti ya isopropili na maji, nusu kwa nusu, ukibadilisha upande wa kitambaa kila mara.

Kupaka: eneo la sentimita 60 kwa 60, matone 4 hadi 6 kwenye kitambaa cha suede, pitisha kwa mlalo kisha kwa wima, subiri rangi za upinde wa mvua zionekane juu yake, sawazisha kwa maikrofaiba ya kwanza, malizia kwa ya pili. Vitambaa hivyo ukimaliza vitupe, seramiki ikikaukia kwenye nyuzi inakuwa ngumu na inakwaruza. Chupa ya 30 ml inatosha gari dogo moja, tabaka moja. Harrier au Prado inataka 50 ml. Ukiona chupa moja ya 30 ml inapaka magari matatu, usitafute sababu nyingine.

#3 Kihesa Detailing

Fundi Kliya umemaliza karibu yote ila kwenye spiriti. Nusu kwa nusu ni kali kwa rangi laini, hasa nyeusi ya Toyota yenye msimbo 202. Uso unalainika kwa muda, ukisugua hapo unaacha mikwaruzo mipya wakati ulishamaliza polishi. Asilimia 20 hadi 25 inatosha, rudia mara mbili. Na usipake mikono losheni kabla ya kazi, vaa glavu za naitrili.

#4 Maji Chokaa

Wote wawili mmeruka maji. Magari mengi huku yanaoshwa kwa maji ya kisima, na kisima chenye chokaa kinaacha madini kila tone linapokauka. Madini yanajipanga juu ya seramiki mpaka yanaifunika. Maji yanayoanguka juu yake yanakutana na chokaa, hayakutani na seramiki, ndiyo maana hayaviringiki. Seramiki haijafa. Imeziba.

Namna ya kujua: chukua siki nyeupe na maji, sawa kwa sawa, lowesha kitambaa, kiweke juu ya kipande cha boneti kivulini dakika moja, suuza sana, kausha, kisha mwagia maji safi. Kama kipande hicho kinaviringisha maji na jirani yake hakiviringishi, umepata jibu. Ukitaka kujua maji yako yana nini, dondosha kijiko kimoja juu ya kipande cha kioo cheusi, weka juani. Duara jeupe likibaki, hayo ndiyo unayolipa gari lako kila wiki.

Hii pia inaeleza hoja ya paa na boneti bila kulihitaji jua: maji yanatuama kwenye bapa, kwenye mlango yanateremka.

#5 Mzee wa Data

Madini matupu humu. Nafuatilia.

#6 Mng'aro wa Uyole

@Fundi Kliya, nakubali mtandao wa silika haupasuki kwa UV kirahisi. Ila kinachofukuza maji si mtandao wenyewe, ni vikundi vya kaboni na hidrojeni vilivyobandikwa juu yake. Hivyo UV inavikata. Ndiyo maana unaweza kukuta uso bado mgumu, bado una mng'ao, ila maji hayakimbii. Na kama tatizo lingekuwa maandalizi, mbona milango ya gari hilohilo, iliyoandaliwa na fundi huyohuyo siku hiyohiyo, inadumu?

#7 Fundi Kliya

Milango haipati kinyesi cha ndege, haipati utomvu, haitunzi umande wa asubuhi wenye vumbi. Ukiwa na maandalizi dhaifu, paa linakwisha kwanza kwa sababu linashambuliwa zaidi. Hoja ya milango haimtetei yeyote kati yetu. Jua linaieleza, madini yanaieleza, mafuta ya polishi yanaieleza.

#8 Bi Mafinga

Kamwene wote. Naongeza mambo mawili ya Mufindi ambayo mkiwa mjini hamuyaoni.

Utomvu wa misonobari. Gari likiegeshwa chini ya miti ya Sao Hill nusu siku tu, matone yanashika. Seramiki haiuzuii utomvu usigande, inachofanya ni kukupa muda wa kuutoa kabla haujafika kwenye kliya. Usikwangue. Lowesha pamba kwa spiriti, ilaze juu ya tone dakika moja hadi mbili, inua, rudia. Ukiuacha ukapigwa jua wiki mbili utahitaji polishi, na polishi inaondoa seramiki ya sehemu hiyo, kwa hiyo utapaka kiraka.

La pili ni udongo mwekundu. Wekundu wake ni oksaidi ya chuma, na kwenye gari jeupe unatia doa la rangi ya chungwa chini ya milango na nyuma ya matairi. Watu wanaufuta ukiwa mkavu, hapo ndipo mikwaruzo ya mzunguko inapoanzia. Loweka kwanza: povu la shampuu dakika 4 au 5, suuza kwa mashine ya presha ukiwa sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye rangi, na ncha pana ya nyuzi 40, ndipo mkono uguse gari. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu, kila moja lita 15 hadi 20. Sehemu za chini uzimalize mwisho kwa glavu nyingine.

Swali kwa mafundi: magari meupe ya Toyota yenye msimbo 040, ya miaka ya nyuma, mengi hayana kliya kabisa. Seramiki juu ya rangi isiyo na kliya mnasemaje?

#9 Bodi na Rangi Mwanjelwa

Dada, kwanza hakikisha. Chukua pedi nyeupe au kitambaa cheupe, polishi kidogo, sugua kwenye kona iliyojificha. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hakuna kliya. Kwa gari jeupe tumia kitambaa cheusi, vinginevyo hutaona kitu. Kikibaki safi, kliya ipo.

Rangi ya tabaka moja inapokea seramiki vizuri, ila ina tabia ya kupauka na kutoa unga ukiipapasa. Lazima unga wote utolewe kwa polishi kwanza, na hapo unapunguza rangi yenyewe. Pima unene kabla. Gari la Kijapani lenye rangi ya kiwandani mara nyingi linasoma mikroni (elfu moja ya milimita ni mikroni moja) 90 hadi 130 kwa jumla: rangi ya kuzamisha inayozuia kutu, praima, rangi, kliya. Kliya peke yake ni kama 35 hadi 50, na dawa ya kuzuia UV ndani yake imekaa zaidi sehemu ya juu. Polishi ya nguvu inakula mikroni 2 hadi 4 kila mara. Gari lililopigwa polishi Japani kabla ya mnada, likapigwa Dar kwenye yadi, likapigwa tena Mbeya, limebakiwa na nini? Ukisoma chini ya 80 usiguse kwa kompaundi, paka silanti uliache.

Ukisoma 200 na kuendelea, paneli hiyo ilipakwa upya. 500 na zaidi, chini kuna pasta ya kuzibia mabonde. Na mwenye karatasi ya mnada aisome: W ni alama ya matengenezo ya rangi, XX paneli imebadilishwa, A ni mikwaruzo. Kipimo cha sumaku peke yake hakisomi boneti za alumini za baadhi ya Subaru, tafuta kinachosoma vyote viwili. Bampa la plastiki halisomeki kwa chochote kati ya hivyo.

#10 Ipogolo

Kwani ile 9H inayoandikwa kwenye chupa si ugumu wa karibu na almasi? Wauzaji wanasema hata mawe ya Kitonga hayaachi alama.

#11 Kihesa Detailing

Hapana mkuu. 9H ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli za ugumu tofauti, wanasukuma juu ya rangi kwa nyuzi 45, ya 9H isipoacha mkwaruzo wanaandika 9H. Almasi ni 10 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho ni kitu kingine kabisa. Na seramiki iliyokauka ni nyembamba, mikroni moja au pungufu. Hakuna kitu cha unene huo kitakachozuia kokoto iliyorushwa na tairi la semi treila. Kazi ya seramiki ni kukinga kemikali, kurahisisha kuosha, kuongeza kina cha rangi. Mawe ni kazi ya PPF.

#12 Baridi ya Makete

Nashangaa hakuna aliyegusa baridi. Seramiki inakauka kwa mmenyuko wa kikemia unaohitaji joto na unyevu wa hewani. Kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi 10 zikishuka, mwendo wa mmenyuko unapungua kama nusu. Watengenezaji wengi wanataka nyuzi 15 hadi 25. Juni na Julai asubuhi za Mbeya zinashuka chini ya 10, huku kwetu Makete barafu inaonekana kwenye majani. Gari linapakwa saa kumi jioni, linatolewa nje saa moja usiku, umande unalikuta saa tisa usiku halijashika. Chupa inasema saa 24 bila maji na siku 7 bila sabuni, lakini hesabu hizo ni za nyuzi 20. Kwa nyuzi 8 zizidishe mara mbili au zaidi.

Na kuna kosa lingine la asubuhi. Bati linakuwa la baridi kuliko hewa, unyevu unalilalia bila kuonekana. Mafundi wa rangi wana kanuni: bati liwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewani unageuka maji). Gari likilala nje, liingize ndani ya karakana likae kwa muda wa saa tatu kabla ya kufungua chupa. Mwenye taa ya infraredi aitumie baada ya kupaka, umbali wa sentimita 60 hivi, uso usizidi nyuzi 60, na kwenye bampa na sketi za plastiki iwe chini ya hapo.

Dakika za kusubiri kabla ya kufuta nazo zinabadilika. Joto la Kyela linakupa sekunde 30 hadi 60. Makete unaweza kusubiri dakika 4. Fundi anayetumia dakika zilezile kila mahali ndiye anayeacha mabaka meusi. Baka likigundulika ndani ya saa moja, paka tone jipya juu yake, litalainika, futa. Likilala usiku kucha ni polishi tu.

#13 Tukuyu Mvua

Ndaga fijo Makete. Huku Rungwe mvua ndiyo shughuli yetu, na mvua si adui wa seramiki, maji yake hayana chokaa. Magari ya Tukuyu yanaoshwa na mvua karibu mwaka mzima na seramiki zinadumu kuliko za Mbeya mjini. Hii inamuunga mkono Maji Chokaa.

#14 Mng'aro wa Uyole

Watu wa Tukuyu jua mnalisikia kwenye taarifa ya habari tu, ndiyo maana seramiki zinadumu! Mawingu yenu yananiunga mkono mimi.

#15 Tukuyu Mvua

Haha, sawa. Basi tupime. Gari moja la Mbeya, boneti igawanywe katikati kwa tepu ya karatasi, seramiki ileile pande zote. Upande wa kushoto uoshwe kwa maji ya mvua yaliyokingwa, wa kulia kwa kisima. Jua ni lilelile. Baada ya kiangazi kimoja tutajua.

#16 Kihesa Detailing

Kipimo kizuri, ila kila upande uwe na kitambaa chake na ndoo yake, la sivyo utahamisha madini kwa mkono. Na msimamizi awe mmoja wa wanaobishana, asije akaleta mtu wa tatu ambaye haoshi.

#17 Bodi na Rangi Mwanjelwa

Kabla hamjafika kwenye boneti za majaribio, niwakumbushe jambo linaloharibu kazi nyingi: magari yaliyopulizwa mtaani. Kuna rangi ya NC inayokauka kwa kuruka tina (kiyeyusho cha rangi) tu, na kuna 2K inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha). Ya NC inalainishwa na spiriti, na seramiki ina viyeyusho vyake, inaweza kuikunja uso. Jaribu ndani ya kifuniko cha tanki la mafuta: pamba yenye tina, ishikilie sekunde 30. Rangi ikihamia kwenye pamba ni NC, au ni 2K iliyonyimwa hadina. Hapo baki na waksi.

2K iliyopulizwa vizuri, uwiano uliofuatwa, ikaokwa kwenye tanuri nyuzi 60 kwa nusu saa, inapokea seramiki baada ya wiki chache. Isiyookwa, iliyokaukia hewani kwa baridi ya Julai, ipe siku 30 kwa seramiki na miezi miwili hadi mitatu kwa PPF. Ukifunika mapema unafungia viyeyusho, vinatoka kwa nguvu baadaye, unaona vipele au kliya inapoteza mng'ao.

Na kliya iliyoanza kubanduka paa haina dawa ya chupa. Waksi ukiipaka pale inajaa kwenye kingo za kliya na kuacha mstari mweupe. Piga msasa paneli nzima, pulizia upya.

#18 Semi Treila

Njia ya Tunduma kuna kitu kinaitwa vumbi la breki. Mteremko wa Iwambi na ule wa Kitonga malori yanateremka yakikanyaga breki, chembe za chuma za moto zinaruka na kujichoma kwenye rangi ya magari yanayofuata. Kwenye gari jeupe zinaonekana vidoti vya kutu baada ya mvua ya kwanza. Seramiki inazipunguza kushika, haizizuii. Dawa ya chuma kila miezi mitatu kwa gari la njia hiyo. Watu wanaona vidoti wanadhani gari linaoza, wanapiga kompaundi. Kompaundi inakata kichwa cha chembe, mzizi unabaki ndani, doti linarudi.

#19 Maji Chokaa

Umesema kweli, na chembe hizo pia zinaziba seramiki. Mtu akitumia dawa ya chuma kisha siki, mara nyingi uso unafufuka. Ndiyo maana nasema nusu ya seramiki tunazozizika bado ziko hai.

#20 Fundi Kliya

Nusu umeipata wapi? Zinazofufuka zipo, sikatai. Zisizofufuka baada ya dawa ya chuma na siki ndizo ninazozungumzia, na ukizichunguza utakuta zimetoka kwenye vituo visivyo na hata chupa ya spiriti.

#21 Nane Nane

Sabuni je? Vijiwe vingi vya kuosha wanatumia sabuni ya unga ya kufulia, pH yake ni 10 hadi 11. Silika inashambuliwa na alkali kali, na nta inaondoka kwa miosho miwili mitatu. Wanamalizia kwa dizeli kwenye matairi na plastiki ili zing'ae. Dizeli inapanda kwenye milango ikipulizwa na upepo, inaacha utando unaokamata vumbi, na inavimbisha raba za milango. Nendeni na shampuu yenu yenye pH ya 7, wapeni na vitambaa vyenu. Fundi wa kijiwe hana ubaya, anatumia alichopewa.

Mafuta ya taa kwa kutoa lami nayakubali, ila doa kwa doa, kisha shampuu papo hapo.

#22 Ipogolo

Kwa hiyo waksi imekufa humu? Hakuna anayeitetea?

#23 Bi Mafinga

Mimi naitetea. Kanauba, nta ya asili ya kutengenezea waksi, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, kwa hiyo boneti ya huku haiifikii. Kwenye mvua zetu inadumu wiki 4 hadi 8. Inahitaji dakika 40 na kitambaa, haihitaji karakana, haihitaji joto la 20, haiharibu rangi ya NC, na ukikosea unafuta. Gari la zamani lenye rangi nyembamba linapendeza kwa waksi kuliko kwa chochote. Ipakwe nyembamba sana, paneli moja moja, kivulini. Tabaka nene haliongezi kinga, linaongeza kazi ya kufuta. Msiipake juu ya plastiki nyeusi isiyo na rangi, inaacha weupe kwenye vishimo. Ikitokea, mswaki laini na shampuu ya uvuguvugu.

Silanti inadumu miezi 4 hadi 6, iache dakika 20 hadi 30 ipate ukungu kabla ya kufuta, na tabaka la pili lisubiri kesho yake.

#24 Filamu Tu

PPF imetajwa juujuu. Ya kweli ni poliurethani aina ya TPU, unene wa mikroni 150 hadi 200. Mikwaruzo midogo inajifunga yenyewe ukimwagia maji ya moto. Ya bandia ni PVC, haijifungi, inageuka njano na kupasuka. Jaribu kwa kipande: kivute. TPU inanyooka na kurudi, PVC inanyooka inabaki. Kwa gari la Makambako kwenda Morogoro weka bampa la mbele, theluthi ya mbele ya boneti au boneti nzima, vioo vya pembeni, na nyuma ya matairi ya mbele. Bei ya hizo sehemu peke yake inapita seramiki ya gari zima, na kingo zinakusanya vumbi jekundu zisipokunjwa ndani. Usiiweke juu ya rangi ya mtaani, siku ya kuitoa itatoka na rangi.

#25 Upepo Makambako

Nani anatumia kava la gari? Huku kwetu naliona linaharibu kuliko jua.

#26 Kihesa Detailing

Kwa upepo wenu, ndiyo. Kava linasugua vumbi lililo chini yake usiku kucha, kingo za paa na fenda ndizo zinaisha. Kava lifunike gari safi, kavu, na mikanda ipite chini ya tumbo. Kibanda cha mabati bila kuta ni bora kuliko kava.

#27 Mzee wa Data

Natoka nje ya mada kidogo. Taa za mbele zikiwa na ukungu wa njano, seramiki hiyohiyo inafaa?

#28 Bodi na Rangi Mwanjelwa

Taa ni polikaboneti. Kilichoisha ni tabaka lake la kiwandani la kuzuia UV, kwa hiyo ukisugua tu bila kurudisha kinga, ukungu unarudi baada ya miezi michache. Funika rangi ya pembeni kwa tepu tabaka mbili. Msasa wa maji namba 800 kama ukungu ni mzito, kisha 1500, kisha 3000, kila namba ukigeuza mwelekeo mpaka mistari ya namba iliyopita iishe. Osha, kausha, futa kwa spiriti, pulizia kliya ya 2K yenye kizuia UV tabaka mbili nyembamba, dakika 10 katikati. Valia barakoa ya kemikali yenye kichujio, hadina ina isosayaneti. Seramiki juu ya polikaboneti tupu inang'aa siku za mwanzo ila haina unene wa kuzuia UV.

#29 Filamu Tu

Au kipande cha TPU juu ya taa mara baada ya msasa wa 3000 na polishi. Kinazuia na mawe.

#30 Bodi na Rangi Mwanjelwa

Kwenye taa zenye mkunjo mkali kama za Vitz, kingo zinainuka. Kwa taa bapa za Prado, sawa.